Gari Nililomuuzia Mama Nekesa

Nkoma, Mbale
Jumamosi, baada ya alasiri

Shamira mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Nabuyonga kuwaaga shangazi zako, nami nimeomba nibaki. Sanduku lako liko hapa sebuleni, limefungwa kamba, na kila nikiinua macho naliona. Kesho asubuhi unapanda basi la Mbarara kwenda chuoni. Mambo ya chakula, ya marafiki, ya kufunga mlango na kuangalia simu yako, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho ukiwa na mguu mmoja ndani ya basi. Sitayarudia. Nina jambo moja tu, limenikaa kifuani miaka mitano. Ni habari ya lile gari la kijivu.

Unalikumbuka. Najua unalikumbuka kwa sababu hujawahi kulitaja tena.

Nilipolinunua lilikuwa limekwisha kutumika Japani, likatumika tena Kampala, stesheni wagoni ya dizeli yenye viti safi na injini iliyolia vizuri. Nilikuwa nikilikodisha na kuliendesha mwenyewe kati ya hapa na Jinja. Nilibeba maharusi, wagonjwa, wafanyabiashara wa Kikenya wenye haraka. Mwaka wa kwanza halikunisumbua. Mwaka wa pili likaanza kupoteza maji.

Mwanzoni ilikuwa kama glasi moja kwa wiki. Nikaongeza, nikasahau. Kisha ikawa chupa nzima, kisha chupa kila safari. Nikatandika maboksi yaliyofunguliwa chini ya gari usiku, asubuhi nikayakuta makavu kama nilivyoyaweka. Nikachomoa kijiti cha oili nikitafuta ile rangi ya chai ya maziwa inayoonyesha maji yameingia kwenye injini, oili ikawa nyeusi na safi. Fundi wa kwanza akabadilisha mipira yote ya rejeta. Wa pili akasema ni kifuniko. Wa tatu akaweka pampu nyingine ya maji. Wa nne akafungua kichwa cha injini, akabadilisha gasketi, akaniapia kwa mama yake kwamba yamekwisha. Baada ya kila fundi nilikwenda Jinja na kurudi nikitazama mshale wa joto kuliko nilivyotazama barabara. Siku mbili sawa. Siku ya tatu nafungua, maji yameshuka.

Asubuhi nikiwasha gari lilitoa moshi mweupe nyuma kwa muda mrefu kuliko kawaida. Niliuona. Nikajiambia ni baridi ya mlima.

Kuishi na kitu kinachopungua bila kuonekana kinakwenda wapi kunamchosha mtu, Shamira. Ningeona tone moja chini ningefurahi. Nilianza kuota mshale unapanda. Nilikuwa mkali hapa nyumbani, na ninyi hamkujua kwa nini. Mwisho nikaacha kutafuta, nikaanza kujaza tu. Nikaweka ile jerikani ya njano nyuma ya gari, na wewe ulipokuwa ukisafiri nami wakati wa likizo ulijua kwamba tukifika Namutumba tunasimama, injini inapoa, baba anaongeza maji. Sasa naona kwamba uongo wangu haukuanza siku ya kuuza. Ulianza pale nilipochoka kutafuta. Mtu aliyeacha kutafuta hawezi kukaa na ukweli wa kitu kwa muda mrefu, anatafuta mahali pa kukitupa.

Ndipo akaja Mama Nekesa. Alikuwa muuguzi aliyestaafu, Mkenya wa Bungoma aliyeolewa na Mgisu, wakakaa Walukuba kule Jinja tangu mumewe, Mzee Mafabi, alipokuwa akifanya kazi kiwandani. Mzee alikuwa amepata kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto havikufanya kazi, na kumpandisha kwenye magari ya abiria ilikuwa kumdhalilisha mbele ya watu. Mama Nekesa alijua kuendesha. Alitaka gari la kumbeba mumewe, basi.

Siku moja kabla hajafika nilikuambia uitoe jerikani nyuma ya gari. Ukaniuliza, "Sasa atajuaje kwamba inataka maji?" Nikakujibu kwamba mambo ya gari si ya watoto. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ukaitoa, ukaiweka nyuma ya jiko.

Alipokuja, Mama Nekesa hakupiga matairi teke kama wanunuzi wengine. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akauinua mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili kana kwamba umekufa, akajaribu kuuingiza ndani. Alirudia mara tatu. Aliporidhika akanigeukia akaniambia, "Baba Shamira, gari hii ina ugonjwa wowote? Niambie kama mtu anayemwambia muuguzi."

Nikamwambia haina.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sahani ya mihogo ya kumkaribisha. Akakuuliza unasoma darasa la ngapi, ukamjibu. Kisha akacheka kidogo akakuuliza na wewe kama gari ya baba ni nzuri. Ulinitazama mimi kwanza. Nilikutazama pia, na unajua nilikutazama vipi. Ukasema, "Ndiyo, mama."

Nimeandika sentensi hiyo na ilibidi niweke kalamu chini.

Asubuhi ile nilikuwa nimelijaza maji hadi juu. Aliondoka nalo akiendesha polepole, akatupungia mkono kwenye kona. Siku zikapita, wiki ikapita, ya pili ikaanza. Kila simu ilipolia nilitazama jina kabla ya kupokea. Nikajipa moyo kwamba labda Jinja anaendesha mwendo mfupi tu, sokoni na kurudi, labda jirani atamwonyesha namna ya kuangalia maji. Nilijipangia labda nyingi.

Halafu jioni moja wewe ndiye uliyepokea simu, nikiwa naoga. Ukaja ukasimama nje ya mlango wa bafu ukaniambia Mama Nekesa amepiga. Dada mkubwa wa Mzee Mafabi, aliyekuwa akikaa Namakwekwe hapa Mbale, alikuwa taabani na alitaka kumwona mdogo wake. Wangeondoka Jinja asubuhi kwa gari, na yeye alipiga kuuliza tu kama barabara ya Tirinyi ya kuja huku ni nzuri. Ulimaliza kunieleza, kisha ukasema, "Baba, utamwambia?"

Nikasema nitampigia.

Simu ilikuwa mezani, ina chaji. Niliichukua mara mbili. Nilipanga maneno: mama, kabla hujaondoka angalia maji. Lakini maneno hayo yangezaa swali, na swali lingezaa jibu, na jibu nililijua. Nikajiambia barabara ile ni tambarare, hakuna kupanda, gari halitachemka. Nikajiambia nitapiga asubuhi. Yalikuwa maneno matano tu, mwanangu. Angeongeza maji, angefika.

Asubuhi saa mbili nikapiga, ikaita bila kupokewa. Nikapiga tena, na tena. Baadaye nilijua kwamba simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa nyuma chini ya mto wa mzee, na yeye hakuwa mtu wa kushika simu akiendesha. Saa tatu nikatoka mbio, boda ikanishusha barabara kuu, nikamkuta jirani yetu muuza vitunguu anakwenda Iganga na pikapu yake. Nikapanda mbele. Aliniuliza naharakia nini. Nikamwambia nawahi watu.

Tangu Kamonkoli hadi tunavuka bwawa la mpunga nilitazama kila gari lililotoka mbele yetu. Kila la kijivu lilinishtua. Jua lilikuwa kali tangu mapema. Jirani alikuwa akinieleza habari za bei za soko, nami nikimjibu "ndiyo, ndiyo", nikihesabu moyoni: wametoka saa ngapi, wamefika wapi, maji yamebaki kiasi gani. Kilomita chache kabla ya Namutumba nililiona. Limesimama kando ya barabara, boneti iko juu, na mvuke bado unatoka.

Mzee Mafabi alikuwa amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, jua likimpiga nusu ya uso, ile nusu isiyoweza kujificha. Mama Nekesa alikuwa akimpepea kwa gazeti. Watu wa pale wamekusanyika, na mbele ya injini mwanamume mmoja ameviringisha fulana mkononi, anainama kufungua kifuniko cha rejeta.

Niliruka kabla pikapu haijasimama vizuri. Niliita kwa sauti ya babu yako, ile aliyorudi nayo kutoka jeshini: "Wacha! Toa mkono!" Unawajua watu wa upande ule, kwao Kiswahili ni lugha ya jeshi, na kikisemwa kwa nguvu wazee bado wanasikia buti za askari. Wote walirudi nyuma. Mwanamume yule peke yake alikuwa ameshakizungusha kifuniko nusu. Nilimsukuma kwa bega, na kile kifuniko kikaruka, maji yaliyochemka yakanimwagikia mkono wa kulia kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni.

Hili ndilo kovu. Nilikuambia niliungua nikimsaidia mtu barabarani. Ni kweli, na kwa sababu ni kweli ndiyo maana niliweza kuishi nalo kwa raha miaka hii yote.

Mama Nekesa alinikalisha kwenye nyasi. Walikuwa na maji safi chupa mbili kubwa, ya mumewe kunywa njiani. Alinimwagia zote mbili mkononi, taratibu, moja baada ya nyingine, bila haraka, akinikataza kusugua. Akachana leso yake safi akanifunika. Wakati wote huo alikuwa akinishukuru. Alisema mshale ulipopanda alisimama papo hapo, hakujua afanye nini, akaomba, na Mungu akamleta mtu anayelijua gari lenyewe. Akaniuliza nilikuwa nikienda wapi.

Nikamwambia nilikuwa naenda Iganga kwa shughuli zangu.

Nimefanya makosa mengi ya hasira na ya ujinga, lakini kosa ninaloliogopa zaidi ni lile la kukaa kwenye nyasi nikipokea shukrani. Kuficha ugonjwa wa gari kulinipa pesa. Shukrani zile zilinipa jina. Mtu akionja jina zuri asilolistahili, kulirudisha ni kugumu kuliko kurudisha pesa.

Tulisubiri injini ipoe. Haikuwezekana kuharakisha, maji ya baridi kwenye injini ya moto yangepasua chuma. Watu wakatuletea maji ya kisima. Pikapu ilikuwa imekwenda zake. Mama Nekesa akaendesha, nami nikakaa nyuma na mkono wangu ukiwaka, nikitazama mshale kupitia katikati ya viti viwili vya mbele. Tulisimama mara tatu kupoza na kuongeza. Kila tuliposimama, Mzee Mafabi, ambaye kiharusi kilimwachia maneno machache tu, aligeuza kichwa kidogo akasema, "Bado?" Mkewe akamjibu, "Bado kidogo." Mara ya tatu alimpangusa jasho tu.

Tulifika Namakwekwe saa tisa na nusu. Mpwa wa yule mgonjwa alitoka kutupokea na uso wake ulitosha. Alisema shangazi alikuwa akizungumza vizuri tangu asubuhi, amekaa kitandani, amevalishwa gauni lake la kanisani, na hadi saa saba alikuwa akiuliza, wamefika wapi? Kisha akalala, na tangu hapo haamki. Tukambeba mzee hadi ndani. Akamshika dada yake mkono kwa ule mkono wake mzima. Alimwita jina la utotoni, mara nyingi, wazi kabisa, jina pekee nililomsikia akilitamka bila kukwama. Dada hakufumbua macho. Alifariki alfajiri.

Jioni ile nilipofika nyumbani mlikuwa mmekwisha kusikia kwamba nimeungua. Mama yako alikuwa akihangaika na mkono wangu. Wewe ulingoja mpaka ametoka, ukaniuliza, "Ulimwambia?"

Nikakujibu ndiyo.

Siku ya tatu tulikwenda wote matangani. Ulikaa na mama yako kwenye mkeka, Mama Nekesa akaja kuwasalimu wageni, na mbele ya watu wote akasema kwamba Mungu alimtuma Baba Shamira barabarani, na kwamba kama si yeye wangekufa njiani. Watu wakanigeukia wakiitikia. Nami nikakutazama wewe. Hukuniangalia. Ulichukua sahani yako ukaipeleka nyuma ya nyumba, na hukurudi tena pale mkekani.

Nadhani unafikiri sikuona.

Niliinuka nikamfuata Mama Nekesa. Alikuwa kando ya tangi la maji anasuuza vikombe. Nilimwambia yote, nikianza na jerikani. Nilimwambia kwamba ile asubuhi sikuwa nikienda Iganga. Nilimwambia kwamba jioni kabla yake simu ilikuwa mezani. Aliendelea kusuuza kikombe kimoja muda mrefu. Nilitegemea anipige, au aite watu, na kusema kweli ningependelea hivyo. Aliniuliza swali moja tu.

"Na binti yako alijua, siku ile nilipomwuliza?"

Nikasema alijua, na kwamba mimi ndiye niliyemfanya aseme vile.

Akasema, "Basi una watu wawili wa kuwaomba radhi. Mimi sijawa tayari. Anza na huyo mwingine."

Nikamwambia nitalichukua gari na kumrudishia pesa zake, ingawa pesa zenyewe nilikuwa nimekwisha kuzitumia. Akakataa. Alisema pesa hazimbebi mzee. Alisema, "Uje Jinja. Utafute maji yanakwenda wapi. Usirudi kwako mpaka umeyaona."

Sikuanza na huyo mwingine. Hilo utalisoma mbele. Lakini Jinja nilikwenda.

Gereji ilikuwa ya Fundi Isabirye, Msoga mmoja mwembamba mwenye maneno mengi, karibu na nyumba ya Mama Nekesa. Yeye mama aliweka kigoda chake chini ya paa la mabati akakaa, anatutazama. Isabirye alifunga pampu ya kupima kwenye rejeta, akasukuma hewa, mshale wa kipimo ukapanda ukasimama. Tukangoja saa nzima. Haukushuka hata nukta. Akapitisha kioo kidogo nyuma ya injini, akafungua zulia la gari kuona kama maji yanaingia miguuni, akanusa oili. Hakuna. Ni yaleyale niliyoyapitia Mbale na mafundi wanne, na nilisikia ule uchovu wa zamani ukinipanda mwilini, ukiniambia, jaza tu, mwonyeshe mama namna ya kujaza, uende zako.

Siku ya pili Isabirye, akiwa amelala chini ya gari, akaanza kucheka. Akamwambia Mama Nekesa kwamba huyo bwana aliyemuuzia gari alikuwa fundi wa kuuza kuliko yeye alivyo fundi wa magari, na kwamba watu kama hao wangefaa kuchomwa kwa maji ya rejeta. Mama Nekesa hakunitazama hata. Alitazama barabarani, akaniachia nafasi ile wazi mbele yangu.

Nikasema, "Ni mimi niliyemuuzia."

Isabirye alitoka chini ya gari. Akautazama uso wangu, akautazama mkono wangu uliofungwa bendeji. Aliufuta mkono wake kwa kitambaa, polepole sana. Kisha akanipa tochi akasema, "Basi shika hapa. Usitikisike."

Kuanzia hapo tulifanya kazi kweli. Aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na fundi yeyote, au labda sikuwahi kuyajibu sawasawa. Maji yanapungua mwendo mfupi au mrefu? Mrefu. Lile joto la kupasha ndani ya gari linafanya kazi? Linafanya. Moshi je, asubuhi? Nikataka kusema wa kawaida. Nikasema ni mweupe, na unakaa muda mrefu, na una harufu tamutamu, na nilikuwa nikiuona kila siku nikisema ni baridi ya mlima.

Isabirye akanionyesha kisanduku kidogo cha chuma nyuma ya injini, kirefu kama kiganja na nusu, ambacho magari ya dizeli ya siku hizi yanacho. Ndani yake mna vijibomba vyembamba vinavyopitisha moshi wa moto unaorudi kwenye injini, na maji ya rejeta huvizunguka ili kuupoza. Alisema kikipasuka ndani, maji yanaingia kwenye moshi na kutoka nyuma kama mvuke. Hayadondoki chini. Hayagusi oili. Gari linayapumua tu na kuendelea na safari.

Tukakifungua. Mdomo wake ulikuwa na ukoko mweupe. Isabirye akaziba upande mmoja, akakitia kwenye beseni la maji, akasukuma hewa. Tukainama wote wawili. Hakuna hata povu moja. Akasukuma tena. Hakuna. Akakitoa, akakigeuza, akasema labda si hiki. Niliketi chini kwenye oili. Sikuwa na pahali pengine pa kutafuta.

Ndipo Mama Nekesa akasema, kwa mara ya kwanza tangu jana, "Gari inapoteza maji ikiwa na moto. Ninyi mnaipima ikiwa baridi." Akainuka, akaenda nyumbani kwake. Alirudi baada ya muda amebeba sufuria kubwa ya maji yanayochemka, ameishika kwa vitambaa, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto. Akayamimina kwenye beseni mwenyewe.

Isabirye akakizamisha. Dakika ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nilikuwa nimeshikilia mpira wa hewa kwa mkono wangu mzima. Halafu povu dogo kama kichwa cha sindano likatoka kwenye mshono, likapanda juu, likapasuka. Likaja lingine. Kisha mstari mzima, mwembamba, usiokatika.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Nekesa alisimama akiyatazama mapovu yale mpaka maji yakaanza kupoa na mapovu yakapungua. Akasema tu, "Kumbe ni hapo." Akachukua sufuria yake.

Isabirye alipata kisanduku kingine kwenye injini iliyofunguliwa, kizima, akakipima kwa maji ya moto kwanza. Tulikifunga jioni. Kesho yake Mama Nekesa aliendesha mpaka Iganga na kurudi, nimekaa kando yake. Tukangoja lipoe. Akafungua mwenyewe. Maji yalikuwa palepale. Akafunga kifuniko, akaniambia naweza kwenda. Gari lile lilimbeba Mzee Mafabi miaka mitatu zaidi, mpaka alipofariki kitandani kwake. Nilikwenda mazishini. Mama Nekesa alinisalimu kwa mkono. Mpaka leo tukionana Jinja ananiuliza habari zako kwa jina, lakini hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, na sijamwuliza.

Sasa wewe.

Nilirudi kutoka Jinja nikiwa mtu mwepesi. Nilimwambia mama yako yote, akalia, akanikasirikia, ikapita. Wewe nikasema nitakuambia ukikua kidogo. Kumbe ulikuwa umekua siku ile mlangoni, na sahani mkononi. Baada ya matanga yale ulianza jambo ambalo labda wewe mwenyewe hukuliona. Nikikuambia kitu, hata kidogo, kwamba shule inafunguliwa Jumatatu, kwamba bibi anaendelea vizuri, baadaye nilikusikia jikoni ukimwuliza mama yako jambo lilelile. Hukuwahi kunikosea adabu. Uliuliza tu mara ya pili, kwa mtu mwingine. Iliendelea hivyo zaidi ya mwaka, na hata sasa bado unafanya hivyo mara moja moja.

Nilikutumia, Shamira. Nilihitaji mdomo usioweza kushukiwa, nikatumia wako. Halafu uliponiuliza kama nimesema ukweli, nikakudanganya na wewe, ili unione mwema. Sikuwa na haki. Nakuomba radhi. Sikuandikii ili unijibu neno lolote, na kama utakaa nalo miaka kama anavyokaa nalo Mama Nekesa, ni haki yako.

Na liko jingine, dogo. Wiki iliyopita uliniuliza kwa nini siku hizi sichukui safari za mbali. Nikasema nimechoka na barabara. Ukamwuliza mama yako, naye akakuambia vilevile kwa sababu nilimwomba. Siyo hivyo. Nina presha, na jicho la kulia limepungua nguvu. Daktari amenipa dawa na amenikataza kuendesha mwendo mrefu mpaka anipime tena mwisho wa mwezi. Sijui atasema nini. Ninaogopa kidogo. Nilikuficha ili usome kwa amani, na nikajiona baba mzuri kwa kukuficha.

Nawasikia mnafungua geti. Barua hii nitaitia mkononi mwako leo, siyo kwenye sanduku, ili uisome kabla hujaondoka. Kesho tutakwenda pamoja mpaka kwenye basi. Una njia nzima ya kuniuliza lolote, na ukitaka kumwuliza mama yako baadaye, mwulize. Nimemwambia leo asinifichie tena.

Baba yako